Wasichana, Wavulana na Kujifunza Kuongea Kiingereza Sekondari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya kutwa jijini Dar es Salaam. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa na wazazi katika vikao vya shule, na walimu wenzangu ofisini, na wanafunzi wenyewe wanaponifuata baada ya kipindi. Nimezungumzia zaidi Kiingereza kwa sababu mtoto wa jiji hili, aliyekulia Kiswahili nyumbani, sokoni na kwenye daladala na kusomea Kiswahili hadi darasa la saba katika shule ya serikali, huikuta lugha hiyo ikitumika kufundishia karibu masomo yote anapoingia Kidato cha Kwanza. Mengi ya niliyoyaeleza yanamfaa pia anayejifunza Kifaransa au Kiarabu.

Je, ni kweli kwamba wasichana huzaliwa na kipaji cha lugha kuliko wavulana?

Tofauti ipo, ila ni ndogo kiasi kwamba haimwezeshi mwalimu kukisia lolote kuhusu mwanafunzi aliyesimama mbele yake. Mwaka 1988 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Janet Hyde na Marcia Linn, walikusanya matokeo ya tafiti 165 zilizolinganisha uwezo wa lugha wa wanawake na wanaume, na walipoyaweka pamoja walikuta wanawake wametangulia kwa kiasi kidogo sana. Ukitaka kukiona kiasi hicho, chukua msichana mmoja na mvulana mmoja bila kuchagua, wapime, kisha rudia zoezi hilo kwa jozi 100: msichana atamzidi mwenzake katika jozi 53 hivi, na mvulana katika jozi 47. Katika kipengele cha kuzungumza pengo lilikuwa kubwa zaidi, jozi 59 kwa 41, na hapo pia wanawake ndio waliotangulia.

Tafiti hizo zilipima uwezo wa lugha kwa jumla, wala hazikulenga kijana anayejifunza lugha ya kigeni katika darasa lililojaa. Hata hivyo zinatufunza jambo moja. Kama maumbile ndiyo yangekuwa yanaamua, tungetarajia sauti za wasichana zitawale vipindi vyetu vya Kiingereza, angalau kwa kiasi hicho kidogo. Tunachokisikia kila siku ni kinyume chake, na kwa hiyo sababu inabidi itafutwe nje ya ubongo.

Kwa nini basi darasani wavulana ndio wanaosikika?

Ukikaa nyuma ya darasa na kutazama mikono, utaona. Mwalimu anauliza swali. Mvulana wa dawati la nyuma ameshanyanyuka nusu, anapiga vidole na kuita, na mara nyingi anaanza kujibu kabla hajateuliwa. Msichana anayejua jibu ameinua mkono pia, lakini kiwiko kimebaki juu ya dawati na vidole vimefika usawa wa sikio tu, na mwalimu akigeukia upande mwingine mkono ule unashuka taratibu kana kwamba haukuwahi kuinuliwa. Mwalimu anamchukua yule anayepiga kelele. Hamchukui kwa kumpenda zaidi. Anamchukua kwa sababu ndiye anayemwona.

Myra na David Sadker, waliotumia miaka mingi kuchunguza madarasa ya Marekani, waliripoti hali kama hiyo huko kwao: mvulana akiropoka jibu bila kuteuliwa mwalimu hulipokea, ilhali msichana akifanya hivyo hukumbushwa kunyoosha mkono kwanza. Kwetu kuna uzito mwingine unaoongezeka. Mtoto wa kike amelelewa akiambiwa kwamba binti mwenye adabu hapayuki, hujibu akiulizwa, na huinamisha macho akiongea na mkubwa. Malezi hayo yana uzuri wake, nami siyabezi. Lakini ni lazima tukubali kwamba kipindi cha lugha kinamtuza mtu kwa yale yale ambayo nyumbani binti amekatazwa.

Halafu kuna hesabu ya muda. Kipindi kimoja ni dakika 40. Darasa la wanafunzi 80, ambalo katika shule nyingi za kata si jambo la ajabu, likigawana kipindi chote sawasawa huku mwalimu akiwa kimya kabisa, kila mmoja anapata sekunde 30. Nafasi inapokuwa finyu kiasi hicho huchukuliwa na mwenye sauti.

Binti yangu anapata alama za juu za Kiingereza, lakini akitakiwa kuongea anakwama. Tatizo ni nini?

Tatizo ni kwamba tunapima kitu kimoja na kutarajia kingine. Mtihani wa taifa wa Kiingereza wa Kidato cha Nne hufanywa kwa kalamu na karatasi, na binti mwenye daftari safi, anayesoma kwa utulivu na kukumbuka kanuni za sarufi, anaweza kuufaulu vizuri bila kuwahi kutamka sentensi tano mfululizo mbele ya mtu. Kwa hiyo ukimya wake hauonekani kwenye ripoti. Huonekana miaka kadhaa baadaye, kwenye usaili wa kazi benki au hotelini.

Mtaalamu wa Kanada, Merrill Swain, alieleza jambo hili mwaka 1985 baada ya kuwachunguza wanafunzi waliosoma masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi. Walielewa lugha hiyo karibu sawa na wenyeji, lakini kuongea kwao kulibaki nyuma, naye akasema kusikia na kusoma pekee hakutoshi: mwanafunzi huongea vizuri anapolazimika kutoa maneno yake mwenyewe, akagundua pale anapopungukiwa, akajirekebisha. Binti yako amepokea mengi na kutoa machache. Hana upungufu wa akili. Ana upungufu wa zamu.

Wanafunzi huchekana. Je, utani huo una madhara kweli?

Una madhara makubwa, na hauwaumizi wote kwa namna moja. Vijana wetu wana neno lao, kuchapia, yaani kukosea unapoongea. Mvulana akichapia darasa zima linacheka, naye mara nyingi hucheka pamoja nao, hulirudia kosa lake kwa kuigiza, na pengine jina la utani analolipata siku hiyo humwongezea marafiki. Msichana akichapia anazomewa, na kicheko kile humfuata hadi kituo cha daladala. Akiongea vizuri nako hakuna nafuu, kwa kuwa ataambiwa anajishaua au anajifanya Mzungu. Mtu anayeadhibiwa akikosea na kuadhibiwa akipatia hana njia salama isipokuwa kukaa kimya, na ndiyo njia wanayoichagua wengi.

Wavulana nao wana mtego wao, ambao hatuutaji mara nyingi. Yule anayejitahidi kutamka maneno kwa usahihi, polepole na kwa lafudhi safi, huitwa sharobaro au huambiwa anaongea kama msichana. Nimeona wavulana wenye uwezo wakiharibu matamshi yao kwa makusudi ili wabaki ndani ya kundi.

Hofu hii imetambuliwa na wataalamu kwa muda mrefu. Elaine Horwitz na wenzake wawili walitengeneza mwaka 1986 kipimo cha wasiwasi wa kujifunza lugha chenye sentensi 33 ambazo mwanafunzi huzikubali au kuzikataa, na mojawapo inahusu hasa hofu ya kuchekwa na wenzake anapoongea. Mwalimu hahitaji kipimo hicho ili aanze. Anachohitaji ni kanuni moja isiyo na msamaha: katika kipindi hiki hakuna anayemcheka anayejaribu. Katika darasa langu kanuni hiyo ilichukua karibu muhula mzima kukubalika, na nililazimika kuisimamia kila siku bila kuchoka.

Kwa nini wasichana wengine hukataa kabisa kusimama kujibu?

Swali hili ningependa lisomwe na kila mwalimu wa kiume. Nilikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliyekuwa akijibu vizuri kwa majuma kadhaa, kisha ghafla juma moja akawa hajui chochote. Nikimteua, anatazama dawati na kutikisa kichwa. Mwezi uliofuata ikawa vivyo hivyo, nami kwa kutoelewa nilimgombeza kwa uvivu. Siku moja alingoja wenzake watoke, akanijia mezani akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo Madamu. Samahani, leo sikuweza kusimama." Sketi yake ilikuwa imefunikwa na sweta aliyoifunga kiunoni, katika joto la mwezi wa pili.

Utaratibu wa kumtaka kila anayejibu asimame tumeurithi kama heshima, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba msichana aliye katika hedhi, ambaye pengine hana pedi ya kutosha na ambaye choo cha shule hakina maji, atachagua kuonekana mjinga kuliko kusimama mbele ya watu 80. Tangu siku ile wanafunzi wangu wote, wa kike na wa kiume, hujibu wakiwa wameketi. Anayependa kusimama anasimama. Hakuna heshima iliyopungua, na sauti ambazo sikuwahi kuzisikia nikaanza kuzisikia.

Yule binti nilimwomba radhi.

Kijana wangu alikuwa mwongeaji sana, lakini tangu Kidato cha Pili amenyamaza. Je, ni jambo la kawaida?

Mara nyingi ni la kawaida. Katika kubalehe zoloto la mvulana hukua kwa kasi, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na kwa muda fulani sauti hukwaruza, hupanda na kushuka bila hiari yake. Kijana ambaye hajui sauti gani itatoka akifungua kinywa hupendelea kujibu kwa neno moja. Usimlazimishe kusoma kwa sauti mbele ya watu katika kipindi hicho, ila endelea kuongea naye wawili peke yenu. Ukimya ukiambatana na kukata tamaa ya masomo yote au kukwepa shule, hapo tafuta sababu nyingine, na mwone mwalimu wa malezi.

Je, wavulana na wasichana hutumia mbinu tofauti za kujifunza?

Kwa wastani, ndiyo. Rebecca Oxford na Martha Nyikos waliwahoji wanafunzi wapatao 1,200 wa chuo kikuu nchini Marekani, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1989 wanawake waliripoti kutumia mbinu za kujifunza lugha mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Naliona hilo kwenye madaftari: wasichana wengi huandika msamiati pembeni, hurudia, huulizana maana. Wavulana wengi huchukua maneno machache wanayoyajua na kuyatumia papo hapo, hata yakiwa na makosa. Kwa kuongea kila upande una nusu ya kinachohitajika, na ndiyo maana sioni faida ya kuwatengenezea masomo tofauti.

Maisha ya nje ya shule yana mchango gani?

Ni mkubwa kuliko tunavyokubali. Jioni ya Jumamosi mvulana wa Mbagala au Tandika anaweza kulipa kiingilio kidogo, akakaa kwenye banda umiza kwa saa mbili akitazama mpira wa Uingereza huku mtangazaji akimwaga Kiingereza mfululizo. Hajui kama anajifunza, lakini anaondoka na maneno ya kusifu, kulaumu, kutabiri na kubishana, tena akiwa ameyasikia yakitamkwa kwa hisia. Dada yake muda huo anaosha vyombo, anamwogesha mdogo wao na kuteka maji, na akipata nafasi ya kukaa mbele ya televisheni atatazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Sisemi mpira ni bora kuliko tamthilia. Ninachosema ni kwamba saa za kusikia Kiingereza kikiongewa hazigawanywi sawa, na mgawo huo hauhusiani na bidii ya mtoto.

Kuna pia suala la usalama. Klabu za Kiingereza zinazokutana saa kumi na moja jioni huwafaa wanaoweza kufika nyumbani gizani. Binti anayepanda daladala mbili hadi Gongo la Mboto ataaga mapema, au mama yake atamkataza kabisa, na hatakuwa amekosea. Klabu hiyo ihamishiwe mapumziko ya mchana.

Nimpeleke binti yangu shule ya wasichana peke yao?

Jiji letu lina shule za wasichana za serikali zenye historia ndefu, kama Jangwani, Zanaki na Kisutu, na katika shule ya namna hiyo angalau hakuna mvulana wa kumchukulia msichana zamu yake. Lakini kuzomeana kupo hata huko, na mwanafunzi mkimya anaweza kufichwa na wasichana wenye sauti kama anavyofichwa na wavulana. Ningetazama kwanza jinsi mwalimu anavyoendesha kipindi, kisha ndipo nitazame lango la shule.

Katika kazi za makundi, niwachanganye au niwatenganishe?

Vyote viwili, kwa mpangilio. Susan Gass na Evangeline Varonis, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, walichunguza mazungumzo ya Wajapani waliokuwa wakijifunza Kiingereza, wakakuta kwamba katika jozi za mwanamume na mwanamke, wanaume ndio walioelekea kushika sehemu kubwa ya maongezi. Kwa hiyo mimi huanza na jozi za jinsia moja ili kila mtu aijaribu sentensi yake mahali pasipo na hofu, kisha ndipo nachanganya.

Ukichanganya, tazama kazi zinavyogawanywa. Liache kundi lolote lijipange lenyewe, na katika dakika moja msichana atakuwa katibu kwa kuwa ana mwandiko mzuri, na mvulana atakuwa msemaji. Kazi ikiisha msichana ameandika mawazo ya wote, naye mvulana ameyatamka. Hali hiyo hujirudia kwenye midahalo, ambako wasichana hukabidhiwa kutunza muda na kuandika kumbukumbu. Mwalimu ndiye ateue, tena azungushe: katibu wa leo ni msemaji wa kesho, bila ubaguzi wala kuombewa udhuru.

Nina wanafunzi 80. Nifanye nini ndani ya dakika 40?

Kwanza, subiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi nchini Marekani katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu huuliza swali na kungoja sekunde moja tu hivi kabla ya kumteua mtu au kujibu wenyewe, na kwamba walipoongeza hadi sekunde tatu majibu yalirefuka na wanafunzi waliozoea kukaa kimya walianza kuchangia. Sekunde tatu huonekana ndefu kama saa zima unapokuwa mbele ya darasa. Zihesabu kimoyomoyo, na katika muda huo usimtazame anayepiga vidole.

Pili, tumia jozi. Dakika 10 za kuongea wawili wawili humpa kila mwanafunzi dakika 5 za kuongea, yaani mara kumi ya zile sekunde 30 tulizozihesabu mwanzo. Darasa litakuwa na kelele, na mwalimu mkuu huenda akachungulia dirishani. Mweleze mapema.

Tatu, andika majina yote kwenye vipande vya karatasi, viweke kwenye kopo, na uteue kwa kuchomoa. Hapo zamu haitegemei tena sauti. Nami huongeza jambo moja: jina likichomolewa, mwenye jina hupewa nafasi ya kunong'onezana na jirani yake kabla ya kujibu, kwa sababu kumteua ghafla mtu mwenye hofu ni kumtia hofu zaidi.

Je, kuwaadhibu wanaoongea Kiswahili shuleni kunawasaidia kuongea Kiingereza?

Hapana. Shule inayomvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama yake haipati waongeaji wa Kiingereza; inapata uwanja wa mapumziko uliojaa watoto wanaonong'ona. Wasichana, ambao tayari walikuwa na sababu nyingi za kunyamaza, huongezewa moja. Wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Martha Qorro, wameandika kwa miaka mingi jinsi wanafunzi wa sekondari wanavyotaabika kusoma kwa lugha wasiyoimudu. Mtoto wa namna hiyo anahitaji Kiswahili kiwe ngazi ya kupandia, na mwalimu anayemruhusu kuuliza "Hili tunalisemaje kwa Kiingereza?" amempa sentensi ya kwanza ya kufanyia mazoezi.

Mimi sijui Kiingereza. Ninaweza kumsaidiaje mwanangu nyumbani?

Unaweza kusaidia sana, kwa kuwa ujasiri wa kuongea hujengwa kwa lugha yoyote. Jioni mkiwa mnakula, mwombe kila mtoto asimulie kwa Kiswahili jambo moja la siku hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na usiruhusu kaka amkatishe dada. Binti aliyezoea kusikilizwa mkekani kwake hatashangaa kusikilizwa darasani. Kisha tazama kazi za nyumbani: kama kijana ana muda wa mpira na binti hana hata robo saa ya kupumua, hamisha vyombo viwili vitatu. Hatimaye umwombe akufundishe. Mama mmoja muuza vitafunwa alinieleza kwamba binti yake alianza kuongea siku alipopewa kazi ya kumfundisha mama kuhesabu chenji kwa Kiingereza, kwa kuwa kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyejua, na mama ndiye aliyekuwa akichapia.

Mimi ni mwanafunzi, naogopa kuongea. Nianzie wapi?

Anzia pale ambapo hakuna wa kukucheka. Chukua simu ya mzazi, kwa ruhusa yake, ujirekodi ukieleza ulivyotoka nyumbani hadi shuleni: ulipanda gari gani, ulisimama au ulikaa, konda alisema nini. Isiwe zaidi ya dakika moja. Sikiliza, tafuta neno moja ulilolikosa, lijue, kisha urekodi tena. Fanya hivyo siku tano. Siku ya sita mtafute rafiki mmoja unayemwamini, umweleze safari hiyo hiyo bila simu, naye akueleze yake. Juma linalofuata, mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ni sentensi moja, inua mkono, na kiwiko kisibaki juu ya dawati.